Chama cha wafanyakazi, kikundi cha madereva au kusimama mwenyewe: dereva wa lori achague lipi?

Foleni ya mpakani Tunduma, siku ya tatu. Tumefungua kisanduku cha jikoni chini ya tela, ugali umeiva, dagaa wanamaliziwa. Kijana mmoja anatoa karatasi mfuko wa shati, imekunjwa mara tatu na kona moja imeloa grisi. Ni fomu TUF 6, ile unayosaini ili mwajiri akukate ada ya chama cha wafanyakazi. Ameibeba toka Dar, zaidi ya kilomita 900, hajaisaini.

"Nikisaini nakatwa. Nisiposaini wenzangu watasema mimi ni mtu wa bosi."

Mzee mmoja aliyekuwa anapuliza mkaa akamjibu bila kuinua kichwa: "Mdogo wangu, usiulize inakata ngapi. Uliza siku ukilala ndani Nakonde, ng'ambo Zambia, nani atapokea simu."

Niliendesha semi miaka kumi na moja, na kwa nyakati tofauti nimekuwa mwanachama wa chama, mwanakikundi, na dereva anayejitegemea kwa mdomo wake tu. Swali la mzee nalikubali nusu. Siku ya kulala ndani, simu hupokelewa na watu wa grupu la WhatsApp. Mtu wa chama mara nyingi utampata Jumatatu saa tatu asubuhi. Lakini siku ya kufukuzwa mambo hugeuka: grupu litakutumia emoji za pole, na anayejua karatasi ipi inajazwa wapi ni mtu wa chama. Ndiyo maana sioni faida ya kuuliza kipi ni bora kwa jumla. Kila kimoja kina siku yake.

Tunapima kwa nini

Nitatumia vipimo vinne kwa kila njia: pesa (mshahara na posho), siku ya kesi na bosi, siku ya balaa njiani, na gharama yake, yaani pesa, muda na hatari unayojitwisha.

Kabla ya hapo, tuweke pembeni mambo ambayo hayahitaji kadi yoyote. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa kila mwajiriwa likizo ya mwaka ya siku 28 na ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF) na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ni wajibu wa mwajiri hata kama hujawahi kusikia neno "chama". Makato ya hasara pia yana mipaka. Bosi hawezi kuamka tu na kukukata shoti ya mafuta, yaani mafuta yaliyopungua. Anatakiwa kukuandikia, kukupa nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya malipo yako ya pesa. Kwa hiyo mtu akikushawishi ujiunge na chama "ili upate likizo", anakuuzia kitu chako mwenyewe. Swali la kweli ni nani atakusaidia kuidai.

Njia ya kwanza: chama cha wafanyakazi

Nazungumzia chama kilichosajiliwa na Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi na Waajiri. Hili litazame kwanza, kwa sababu vipo "vyama vya madereva" vyenye mihuri mizuri na fulana nzuri ambavyo usajili wake ni wa jumuiya ya kawaida. Hivyo haviwezi kudai kukaa mezani na mwajiri wako kujadili mishahara. Omba kuona cheti.

*Pesa.* Nguvu yote ya chama iko kwenye wingi. Kikipata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kundi husika pale kazini, kinakuwa msemaji pekee wa kundi hilo, na mwajiri analazimika kujadiliana nacho kwa nia njema. Kampuni yenye madereva 60 inahitaji 31. Mkataba wa hiari utakaopatikana, yaani mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri, unawafunga hata wasio wanachama. Hapo ndipo ugomvi unapoanza, maana kuna wanaolipa ada na kuna wanaovuna kivulini. Sheria inaruhusu chama chenye wingi kukubaliana na mwajiri ili wasio wanachama nao wakatwe ada ya uwakala, isiyozidi ile ya wanachama.

Lakini hesabu ya dereva ni tofauti na ya mwalimu. Dereva anaishi kwa posho. Tuseme mshahara wako ni laki nne na posho ya safari moja ya Lubumbashi, Kongo, ni laki sita. Chama kikija kinataka posho ipungue na mshahara upande, na kina sababu. Kiinua mgongo kinahesabiwa kwa mshahara wa msingi, siku saba kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka kumi. NSSF nayo inatazama kilichoandikwa. Posho haimo. Dereva aliyeendesha njia ya Kongo miaka minane anaondoka na kiinua mgongo cha laki nne yake, wakati nyumbani walikuwa wanakula milioni.

Sasa nenda kawaambie madereva wenyewe. Nimekaa kwenye mkutano ambao hoja hiyo ilizomewa na watu ambao ingewasaidia. Mshahara ukipanda, kodi inapanda na makato ya NSSF yanapanda, na posho ni pesa ya mkononi leo, nyingine inabaki ukijibana njiani. Chama kinapigania uzee wako, wewe unapigania ada ya shule ya Januari. Siwalaumu waliozomea, watoto wao walikuwa wanasoma kweli. Ila jua kabisa kwamba ukiingia kwenye chama, mvutano huu utaukuta ndani yake.

*Siku ya kesi.* Hapa sijaona kinachoshinda chama kinachofanya kazi. Ukifukuzwa una siku 30 tu za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Migogoro mingine ni siku 60. Dereva ana tatizo ambalo karani hana: siku zinahesabika akiwa barabarani. Jamaa yangu mmoja alifukuzwa kwa simu akiwa Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo. Akarudisha gari kwa heshima, akaambiwa njoo wiki ijayo tuzungumze, akaja, akaambiwa bosi yuko safari. Alipofika CMA siku zilikuwa zimepita arobaini, ikabidi aanze kwanza kuomba aongezewe muda na kueleza kwa nini alichelewa, kabla hata hajaulizwa alionewa vipi. Mwakilishi wa chama pale yadi angemsukuma wiki ya kwanza.

Na si lazima chama kiwe kikubwa ndipo mpate mwakilishi. Wanachama kuanzia mmoja hadi tisa wana haki ya mwakilishi mmoja mahali pa kazi, na kuanzia kumi hadi ishirini wana watatu. Huyo anaruhusiwa kukaa nawe kwenye kikao cha nidhamu. Mtu aliyewahi kuitwa ofisini peke yake, upande wa pili wamekaa meneja, mhasibu na mwanasheria, anajua thamani ya kiti cha pili.

*Balaa njiani.* Chama ni kizito hapa. Vyama vingi vya uchukuzi Afrika Mashariki vimeunganishwa na shirikisho la kimataifa la wafanyakazi wa uchukuzi, ITF, lenye makao London, na kwa hiyo vina watu wa kuzungumza nao nchi jirani. Hilo linafaa kwenye mambo makubwa, kama mpaka kufungwa au madereva wengi kuzuiwa pamoja. Tairi likipasuka Serenje, katikati ya Zambia, saa nane usiku, sahau.

*Gharama.* Ada ya kawaida huwa asilimia moja au mbili ya mshahara. Kwa laki nne, asilimia mbili ni shilingi 8,000. Ukibadili mawazo unaweza kusitisha makato kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja. Gharama kubwa ni nyingine. Sheria inakataza kumfukuza mtu kwa sababu ya chama, na mabosi wenye akili wanalijua hilo, kwa hiyo hawakufukuzi. Kwenye kampuni moja niliyofanyia kazi, mwezi uleule niliosaini fomu, gari langu lilipelekwa gereji kusubiri gia boksi. Lilikaa wiki tano. Mshahara nililipwa wote, sikuguswa. Safari sikupata hata moja, na bila safari hakuna posho. Mwakilishi wetu alikuja akalitazama gari, akatazama karatasi za gereji, akaniambia, "Kaka, hapa hakuna aliyekufukuza." Alikuwa sahihi. Gia boksi ilikuwa mbovu kweli. Ila magari mengine yalikuwa yanapewa vipuri siku ya pili.

Na mgomo? Mgomo halali una hatua zake. Suala lipite usuluhishi CMA likashindikana, wanachama wapige kura, mwajiri apewe notisi ya saa 48. Ukizifuata, kufukuzwa kwa kugoma ni kosa la mwajiri, ingawa halazimiki kukulipa siku ulizogoma.

Njia ya pili: kikundi cha madereva

Grupu la WhatsApp lenye mweka hazina, kikundi kilichosajiliwa halmashauri, umoja wa madereva wa njia fulani. Wengi tumo, hata tusipoita hivyo.

*Pesa.* Kikundi hakipandishi mshahara. Kinachofanya ni kukupa taarifa, nazo ni pesa: bosi gani analipa posho kamili, nani anachelewesha, wapi kuna nafasi. Kinakukopesha pia. Mtu aliyeishiwa njiani hutumiwa elfu hamsini kwa simu kabla ofisi yake haijafunguliwa.

*Siku ya kesi.* Dhaifu. Kikundi hakina nafasi mezani kwa bosi. Kinaweza kupiga kelele, na kelele zina kazi yake. Aprili na Mei 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma, stendi ya Ubungo, Dar, ikajaa abiria wasio na gari, na serikali ililazimika kusikiliza kuhusu sharti la kurudi darasani kila unapohuisha leseni, pamoja na kilio cha mikataba ya ajira. Angalia tofauti ya mambo yale mawili. Sharti la masomo lilikuwa mikononi mwa serikali, likalegezwa haraka. Mikataba ilikuwa mikononi mwa mabosi mmoja mmoja, na huko hakuna kelele ya barabarani inayofika. Inabidi mtu aingie yadi kwa yadi na orodha ya majina. Na anayegoma kwa ghafla kwa wito wa grupu hana ile kinga niliyoitaja juu.

*Balaa njiani.* Kikundi ndicho mfalme, sibishani na mtu. Dereva mwenzetu alifia Zambia. Kabla kampuni haijamaliza kujadili nani alipie, michango ya watu wa njia ile ilikuwa imeshafika, mmoja alikuwa mochwari, mwingine kwa wakala anafuatilia vibali vya kusafirisha mwili, na wa tatu amekaa na gari ili mzigo usiguswe. Hakuna katiba wala ada iliyopanga hayo, isipokuwa kwamba kila mmoja alijua kesho ni zamu yake.

*Gharama.* Elfu tano, elfu kumi kwa mwezi, na mchango kila msiba. Hatari kuu ni mweka hazina. Sina haja ya kueleza, kila msomaji ana hadithi yake. Nyingine ni kwamba mabosi wamo kwenye magrupu. Unachoandika saa sita usiku kwa hasira kinasomwa ofisini asubuhi.

Njia ya tatu: kusimama mwenyewe

*Pesa.* Kwa dereva wa kawaida wa kontena, kujadiliana peke yake ni kukubali anachopewa. Lakini wapo wanaosikilizwa: anayeendesha tanki la mafuta au kemikali bila dosari miaka, anayejua kuburuta lobedi, yaani tela la chini, lenye mtambo mpana kupita barabara, anayeongea na maofisa wa mipaka minne bila kupandisha sauti. Huyo akisema anaondoka, bosi anampigia simu jioni. Mkataba wa pamoja unaweza hata kumshusha, maana ngazi za mishahara hupangwa kwa miaka kazini kuliko ustadi.

*Siku ya kesi.* Uko peke yako, ila si mikono mitupu. Kama hujapewa mkataba wa maandishi na mkafikishana kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unamwangukia mwajiri. CMA hailipishi ada ya kufungua shauri, na sheria inakuruhusu kwenda na wakili au mtu yeyote uliyemchagua. Kinachohitajika ni kumbukumbu: picha ya kila hati ya mzigo, ujumbe wa meneja anayekutuma safari, taarifa ya miamala ya posho kwenye simu. Nakala zipeleke kwa mke au ndugu, maana simu ya dereva huibiwa Kasumbalesa kabla ya kesi.

*Balaa njiani.* Utategemea kampuni. Kampuni nzuri zina mtu wa dharura na mawakala kila mpaka. Mbaya zinakuzimia simu.

*Gharama.* Hulipi chochote, huna mkutano, hakuna anayekuwekea alama. Unaweza kuhama kesho. Ubaya wake unauona uzeeni, au siku mgongo ukikataa kupanda kwenye kichwa cha gari.

Kidogo kuhusu wenzetu

Kwa anayesoma hili akiwa Mombasa, picha inafanana ila namba zinabadilika. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 41, inalinda haki ya kujiunga na chama na kugoma. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 nayo inataka wingi wa kawaida ili chama kitambuliwe, na ada ya uwakala ipo. Madereva wa masafa marefu wana chama chao maalumu, Kenya Long Distance Truck Drivers and Allied Workers Union, jambo linalosaidia kwa kuwa hamchanganywi na watu wa bandari au reli. Na muda wa kudai mahakamani ni miaka mitatu, si siku 30, kwa hiyo kipimo cha "nani atanisukuma wiki ya kwanza" kina uzito mdogo kwenu.

Kwa walioko Marekani, na Waswahili wanaoendesha malori huko si wachache, Teamsters ni chama cha tangu 1903, na mwaka 1964 kilipata mkataba mmoja wa mizigo kwa nchi nzima. Lakini kampuni ya malori ya Yellow ilipofunga milango mwaka 2023, wanachama wake wapatao 22,000 walipoteza kazi pamoja na mkataba wao mzuri. Na ukiwa na gari lako unayehesabiwa kama mkandarasi huru, sheria yao ya majadiliano ya pamoja haikuhusu kabisa.

Uko wapi wewe?

*Kampuni ya malori mengi, mshahara unapita benki, mkataba upo.* Chama kina nafasi ya kufanya kazi. Kabla ya kusaini muulize mwakilishi mambo matatu: wanachama ni wangapi kati ya madereva wangapi, mkataba wa hiari upo na naweza kuusoma, na mara ya mwisho mlikwenda CMA na nani. Akibabaika kwenye la tatu, ngoja. Baki kwenye kikundi chako kwa ajili ya njiani. Haviingiliani.

*Bosi mwenye malori matatu.* Chama hakitakuja, na kikija bosi atauza gari moja. Hapa tafuta kikundi imara na umshawishi bosi muandikiane, hata ukurasa mmoja. Mabosi wadogo wengi hawakatai, hawajawahi kuombwa tu.

*Deiwaka, unayeshika gari la mtu safari moja moja.* Kikundi, na picha za kila hati. Usidharau hali yako: sheria ina mahali inapomdhania mtu kuwa mwajiriwa kwa namna anavyofanya kazi, hata bosi akikuita kibarua.

*Fundi wa tanki au lobedi.* Unaweza kusimama mwenyewe vizuri. Lakini jadili mshahara wa msingi, si posho peke yake, ukiwa bado na nguvu ya kudai.

*Unapanga kununua lori lako.* Mwaka wa mwisho wa kuajiriwa, malizia michango ya NSSF na uondoke kwa amani. Ukishakuwa na gari, meza yako ni ya vyama vya wamiliki wa malori, TATOA au TAMSTOA, na siku utakayoajiri dereva fomu ya TUF 6 italetwa kwako.

*Tayari mwanachama, na chama kimelala.* Una mlango wa notisi ya mwezi mmoja. Au gombea uwakilishi. Kwenye yadi nyingi hakuna anayeutaka, na kura kumi zinakutosha.

*Umepokea barua ya kufukuzwa jana.* Hakuna cha kulinganisha tena. Chukua kalenda, hesabu siku 30 kuanzia tarehe ya kufukuzwa, na mtu yeyote anayejua njia ya CMA, awe wa chama, wa kikundi au shemeji yako, mpigie leo kabla hajalala.